Msikimeze Kilio, Wajukuu Zangu

Wajukuu zangu wa Gendabi, na ninyi wa Jorodom, Ganana na Ming'enyi, na ninyi mliokwenda Babati na Arusha kutafuta riziki, kaeni kidogo niseme nanyi. Sina ugomvi na yeyote. Nina hofu, na hofu ya mzee msiipuuze, kwa sababu mzee haogopi asichokijua. Anaogopa alichokwisha kukiona.

Ninachokiogopa ni ukimya wenu.

Najua mtashangaa. Mtasema, babu, mbona kijiji kizima kina kelele? Ni kweli. Simu zenu zinaimba kutwa. Bodaboda zinaimba. Duka la vocha linaimba, na spika ya harusi inasikika hadi kwenye maboma ya mbali. Lakini vinywa vyenu wenyewe vimefungwa. Mnasikiliza sana, mnaimba kidogo, na msiba ukifika hamuimbi kabisa. Hapo ndipo moyo wangu unaposhtuka.

Nawaomba, wanangu, fungueni vinywa.

Mnaikumbuka Jumapili ile, tarehe 3 Desemba 2023. Mvua ilikuwa imetusumbua kwa siku nyingi, na alfajiri ile Mlima Hanang ukameguka. Mlima ule una zaidi ya mita 3,400. Tumeutazama tangu utoto wetu, tumeusalimia kila asubuhi tukitoa ng'ombe, na hakuna aliyewaza kwamba unaweza kutushukia. Wataalamu walitueleza baadaye kwamba sehemu yenye miamba dhaifu ilinyonya maji hadi ikashindwa kujishikilia, ikaporomoka ikawa tope. Tope hilo likashuka na mawe na magogo, likapita kwetu, likaingia hadi mjini Katesh. Kwa hesabu ya Serikali, watu 89 walifariki.

Msaada ulikuja, na mwenye shukrani haufichi. Rais Samia alikatisha safari yake ya Dubai, kwenye mkutano wa tabianchi, akaja Katesh. Askari walikuja kuchimba. Malori yalileta unga, magodoro, blanketi na dawa. Baadaye zikajengwa nyumba 109 kule Waret, Gidagamowd, kwa waliopoteza makazi yao. Yote hayo yalihitajika na yote yalifaa.

Lakini hakuna lori linaloweza kumlilia mtu kilio chake.

Nitawaambia nilichokiona usiku mmoja wa wiki ile. Watu waliobaki bila nyumba walikuwa wamelala darasani, madawati yamesukumwa ukutani. Hakuna aliyelala usingizi. Watoto walikuwa kimya kuliko watoto wanavyopaswa kuwa. Katika ule ukimya bibi mmoja akaanza utenzi. Alikuwa amekaa chini, ameegemea mguu wa dawati, pindo la kanga yake limekakamaa kwa tope lililokauka. Sauti yake haikuwa nzuri. Koo lilikuwa limemkauka na aliuanza wimbo chini mno, mahali ambapo hakuna mtu angeweza kumfuata. Ubeti wa kwanza akauimba peke yake hadi mwisho.

Ubeti wa pili mama mwingine, upande wa dirishani, akaupokea na kuunyanyua kidogo, hadi mahali ambapo sauti za watu wengi zinaweza kukutana. Hakutangaza. Hakusema tuanze upya. Aliunyanyua tu, na yule bibi akapanda naye. Kufika ubeti wa tatu darasa zima lilikuwa ndani ya wimbo, hata wanaume waliokuwa wamesimama mlangoni.

Alikuwepo mama aliyepoteza watoto wawili. Tangu asubuhi ya Jumapili hakuwa ametoa neno wala chozi. Alikuwa akikunja na kukunjua kipande kilekile cha nguo. Naye akaanza kuimba. Aliimba kama nusu ya ubeti, kisha sauti ikamkatika na kilio kikatoka, kilio kile cha tumboni. Wimbo haukusimama. Hakuna aliyegeuka kumtazama. Mama aliyekaa karibu naye alimwekea mkono mgongoni huku akiendelea kuimba. Yule mama akalia ubeti mzima na kiitikio kizima, na alipochoka kulia akakuta wimbo bado upo, akaingia tena mahali ulipofika.

Lishikeni hilo, wajukuu zangu, hata kama mtasahau mengine yote nitakayosema. Tunapoimba pamoja tunafanya kama wabebaji wa jeneza: bega moja likichoka, lingine linaingia, na aliyepumzika anarudi akipata nguvu. Mtu anaweza kuvunjika katikati ya wimbo na wimbo usivunjike. Katika mazungumzo haiwi hivyo. Mtu akikuuliza unaendeleaje, nawe ukashindwa kujibu, mazungumzo yanasimama, macho yote yanakuja kwako, unaona aibu, unafuta uso haraka na kusema niko sawa. Ndivyo vijana wetu wengi walivyosema. Niko sawa, babu. Na hawakuwa sawa.

Nitawaambia habari ya mmoja, jina lake nalihifadhi. Alipoteza baba yake na mdogo wake siku ile. Alikuwa kijana wa nguvu. Alichimba tope kwa siku kadhaa, alibeba magunia, aliwasaidia majirani kuezua mabati yaliyofukiwa, na kila mtu akamsifu: huyo ndiye mwanamume. Kwenye mazishi alisimama nyuma na simu mkononi. Tulipoimba, yeye hakuimba. Wazee walipomwita aje mbele karibu na mama yake, alisema ana kazi ya kuelekeza magari.

Miezi michache baadaye akaanza kwenda Katesh jioni. Mwanzoni ilikuwa Jumamosi, kisha kila siku. Viroba vilipigwa marufuku mwaka 2017, lakini gongo lina njia zake. Akauza maksai wawili wa baba yake, mmoja baada ya mwingine. Akaanza kumpiga mke wake, yeye ambaye hakuwahi kumwinulia mtoto sauti. Mke akarudi kwao. Sasa wengine wanasema wamemwona Arusha, wengine wanasema Mererani, na mama yake analima shamba peke yake. Kilio kisichopewa mdomo hutafuta miguu, wanangu. Kikipata miguu kinakwenda kilabuni, kinakwenda barabarani, na wakati mwingine kinakwenda mahali ambapo mtu harudi. Sitaki kuwataja waliokwenda huko. Mnawajua.

Sisemi kwamba angeimba siku ile asingekunywa. Mimi si Mungu. Ninachosema ni kwamba mlango ulikuwa wazi, watu walikuwa wamesimama wanamngoja, naye akaupita kwa sababu alifikiri uanaume ni kufunga mdomo.

Nani aliwafundisha hivyo? Si sisi. Wale walio Wairaqw kati yenu, waulizeni baba zenu habari ya slufay. Wazee wakikutana, iwe kwenye baraza la kusuluhisha au kwenye pombe ya pamoja, mmoja husimama akaanza kuomba kwa sauti ya mwendo, na wengine wote wanamwitikia. Si hotuba wala si wimbo kamili, ipo katikati. Anamwomba Lo'a, kama wazee wetu walivyomwita Mungu. Anaombea mvua, watoto, mifugo na amani na jirani. Yule anayeongoza hawezi kuongoza bila kuitikiwa. Wakinyamaza, maneno yake yanaanguka chini. Na hao wanaoitikia ni wanaume wenye ndevu, waliochunga na kulima na kuzika watoto wao. Hakuna aliyewaona wanyonge.

Upande wa ndugu zetu Wabarabaig, akina mama wana ghadoweeda, sala zao za kuimba. Balaa likiingia, ugonjwa ukizidi, uzazi ukienda vibaya, wanakusanyika na kuimba kwa Mungu, na mwanamume mwenye akili hawasogelei. Mama zetu hao hawakusubiri mtu wa kuwaambia kwamba wimbo unatibu moyo. Walikuwa wakiuimba wimbo huo kabla ya barabara ya lami kufika hapa.

Sitawadanganya kwamba kila cha zamani kilikuwa dawa. Palikuwa na desturi ya kumtenga aliyefiwa. Wabarabaig waliiita metida, sisi Wairaqw metimani. Mjane, au mama aliyepoteza mimba, alikaa kando kwa muda mrefu. Hakula na wenzake, hakugusana nao, hakwenda kisimani walipokwenda wengine. Wazee walikuwa na sababu zao, waliogopa kifo kisisambae. Lakini niliwaona wanawake waliotoka katika kutengwa kule wakiwa wamekauka machoni. Desturi ile imepungua sana, na siililii. Ninachoona sasa kinanitisha kwa sababu hiyohiyo: mmeanza kujitenga wenyewe, bila kulazimishwa na mtu. Kijana anafiwa, anaingia chumbani, anaweka hedifoni masikioni, anafunga mlango. Hiyo ni metimani mpya, na hii haina siku ya kutolewa.

Msijitenge. Nawasihi, msijitenge.

Kuna jambo jingine nataka mlijue, maana wengi wenu hamkulisikia. Wabarabaig wana mazishi ya heshima yanayoitwa bung'eda, kwa mzee aliyeishi vizuri na kuacha ukoo. Kaburi lake hujengewa kilima cha udongo, kazi ya miezi kama tisa, na watu wanatoka mbali kuja kuimba hapo. Wanamwimbia aliyekufa, wanaimba habari za ukoo, na kwa nyimbo hizo watoto wanajua walikotoka. Baada ya siku ya mwisho, kilima kile kinabaki. Wajukuu wanarudi hapo kuomba.

Kuanzia miaka ya 1970, kule Basotu, yalifunguliwa mashamba makubwa ya ngano ya shirika la NAFCO kwa msaada wa Kanada. Ekari kama laki moja zilichukuliwa, tena zile zenye malisho bora. Matrekta yakalima, na baadhi ya makaburi yale ya wazee yakalimwa pia. Watu walilia mahakamani na Serikalini kuhusu malisho, na dunia iliwasikia kidogo kuhusu malisho. Kuhusu nyimbo nani angewasikia? Utamwambia nini hakimu, kwamba mahali ulipokuwa ukimwimbia babu yako sasa pana ngano?

Wengi walihama na ng'ombe wao, wakaenda mbali, Morogoro, Mbeya, kila upande. Baadhi ya watoto wao nimekutana nao minadani. Wanajua bei ya ng'ombe katika kila wilaya, lakini ukiwauliza wimbo wa ukoo wao wanatazama chini. Hao walinyang'anywa. Trekta lilipita juu ya wimbo wao.

Ninyi hamjanyang'anywa na mtu. Makanisa yapo, msikiti upo, uwanja upo, wazee wachache bado wapo. Nyimbo zenu mnaziacha wenyewe, na hilo ndilo linaloniuma kifuani. Aliyenyang'anywa hulalamika kwa mwizi. Aliyetupa atalalamika kwa nani?

Nimekwenda msibani karibuni, si mbali na hapa. Vijana walijitahidi sana, nawapongeza. Walikodi viti, walikodi turubai, wakaleta spika kubwa na flashi yenye nyimbo za maombolezo zilizorekodiwa vizuri na kwaya za mjini. Sauti zilipangika, ala zilipangika. Sisi tukakaa kwenye viti tukisikiliza. Wafiwa nao wakakaa wakisikiliza. Mjane alikuwa akitazama ardhi tu. Saa nane mchana umeme ukakatika, na ghafla pakawa kimya. Watu wote tukatazamana. Hakuna kijana aliyejua aanze wimbo gani, na aanzie wapi. Wakasubiri umeme urudi.

Spika haifiwi, wanangu. Haijui aliyelala pale ni nani. Haiwezi kushusha wimbo kwa sababu mama amechoka, wala kurudia kiitikio kwa sababu mtoto wa marehemu ndiyo kwanza ameshuka kwenye basi kutoka safari na hajalia. Mwimbishaji mwenye macho anayaona hayo. Mimi nimemwona mwimbishaji akirudia kiitikio mara nyingi kupita kawaida, kwa sababu alimwona kaka wa marehemu anatembea kutoka barabarani na mkoba begani. Alimngoja kwa wimbo. Kaka alipofika, wimbo ulikuwa mahali pa kumpokea.

Mjukuu wangu mmoja anayesoma chuo alinisomea habari ya watafiti wa Gothenburg, Sweden, kwamba mwaka 2013 waliwapima vijana wa miaka 18 wakiwa wanaimba kwaya, wakakuta mapigo ya mioyo yao yanapanda na kushuka pamoja. Sababu ni pumzi. Wanaoimba mstari mmoja wanavuta hewa pamoja na kuitoa pamoja, polepole, na moyo unafuata pumzi. Nilimwambia asante, mwanangu, wamesema kweli. Nyanya yako alikuwa akimwambia mtu mwenye hofu: imba kwanza, tutaongea baadaye. Kifua kilichojaa hofu kinapumua juujuu. Ukikipa mstari mrefu wa kuimba hakina budi kutoa pumzi yote.

Na kuna mengine ambayo kipimo hakiyafikii. Kuna siku sala haitoki. Niwaambie wazi, mimi mzee wenu ninayewaongoza katika sala, baada ya tope lile nilipiga magoti na sikupata neno. Ningemwambia Mungu nini? Lakini kuna kitabu cha Mwimbieni Bwana, kuna Tenzi za Rohoni, na Wakatoliki wana nyimbo zao, na majirani zetu Waislamu wana kaswida na dua zao za pamoja. Maneno yale yaliandikwa na watu waliokwisha kupita mahali pabaya na wakaendelea kumwita Mungu. Mtu aliyeshindwa kuomba anaweza kuazima sala ya mwenzake kwa kuiimba. Imani yako ikiwa imelegea, imani ya jirani anayeimba karibu nawe inakushika mkono hadi yako irudi. Nimelala usiku mwingi kwa sala za kuazima, na nimeamka.

Wale mlio katika umri wa kuona aibu, mnaoogopa kuonekana dhaifu, ninataka niwape jina la mtu. Philly Bongoley Lutaaya, mwanamuziki wa Uganda. Mwaka 1989, wakati Ukimwi ulipokuwa neno la kunong'ona na wagonjwa wakifichwa vyumba vya nyuma, yeye alisimama hadharani akasema ninao. Kisha akaimba juu ya upweke wake na hofu yake, akazunguka mashuleni na makanisani hadi nguvu zikamwishia, akafariki Desemba mwaka huohuo. Watu wengi waliokuwa wamejifungia walipata ujasiri wa kusema kwa sababu mtu mmoja aliimba hofu yake mbele yao. Hakupona ugonjwa. Lakini hakufa amefungiwa, na aliwafungulia wengine.

Hapo nawaonya na upande wa pili, maana najua mlivyo wepesi kushika jambo moja na kuacha jingine. Wimbo haujazi mahali pa dawa. Akija mtu kuwaambia kwamba ukiimba kwake, na kutoa sadaka kwake, utapona kifafa au utapona wazimu, mkimbieni. Mtoto akianza kusikia sauti zisizokuwepo, mwenzenu akisema anataka kufa, mama aliyejifungua akimkataa mtoto wake, msiishie kumwimbia. Mpelekeni hospitali. Haydom wanatibu watu tangu mwaka 1955, tena wanapokea watu kutoka mbali kuliko sisi. Mpelekeni, na njiani mkiweza mwimbieni. Akirudi, mwimbieni tena. Asiyeachwa peke yake hunywa dawa yake. Anayeachwa huitupa dirishani.

Na ninyi wanakwaya, msinikasirikie. Nawapenda, na Jumapili bila ninyi ni ndefu. Lakini nimeanza kuona mazoezi yanageuka kuwa ya kamera. Sare mpya, mkono huu hapa, mguu ule pale, tabasamu upande wa kamera, na yule asiyependeza anawekwa nyuma. Mzee aliyeanzisha kwaya ile ameambiwa apumzike kwa sababu sauti yake inatetemeka. Inatetemeka kwa sababu imezika watu wengi! Mkimwondoa huyo mnabaki na nini cha kuwaambia waliofiwa? Rekodini video zenu, sikatazi. Lakini mwenye msiba hahitaji mpangilio wenu wa miguu. Anahitaji mfike mapema, mkae chini naye, muimbe nyimbo anazozijua yeye, hata kama mmezichoka.

Mwimbieni mtu, msimwonyeshe mtu.

Nimeongea mengi na jua linashuka. Lakini hofu yangu bado iko palepale, kwa hiyo niseme tena. Wazee wanaojua nyimbo hizi wanapungua. Bibi wawili waliokuwa wakiongoza nyimbo za maombolezo upande wetu wamekwisha kwenda. Anayebaki ana kikohozi na haoni vizuri, ila nyimbo anazo zote. Najua wazo lenu la kwanza: tutakwenda tumrekodi kwenye simu. Mrekodini. Kisha zimeni simu, mkae naye, muimbe hadi awasahihishe. Wimbo ulio kwenye simu hautawajia siku mtakapokuwa mmesimama mbele ya kaburi bila chaji. Wimbo uliopita kinywani mwenu mara nyingi utawajia hata mkiwa hamtaki.

Muulizeni hasa namna ya kuanza. Hilo ndilo gumu, na ndilo hamlijui. Muulizeni anaanzia juu kiasi gani ili wazee wafike. Muulizeni anajuaje wakati wa kunyamaza na wakati wa kurudia. Muulizeni ni wimbo gani haupaswi kuimbwa kabla mfiwa hajafika. Hayo hayamo kitabuni.

Na ninyi mlio mbali, Arusha, Dodoma, Dar es Salaam, mnaokaa chumba kimoja na mtu msiyemjua jina la baba yake. Nawaogopea ninyi kuliko wote. Mlitoka hapa na vifua vimejaa, mkapanda basi wiki ileile kwa sababu kazi haingoji. Hamkupata usiku wa darasani. Tafuteni kwaya, tafuteni jumuiya, tafuteni hata wenzenu wawili wa kwetu, mkutane jioni moja. Msiseme sijui kuimba. Nani aliwauliza kama mnajua? Kuitikia hakuhitaji kujua, kunahitaji kuwepo. Mkiona aibu mara ya kwanza, rudini mara ya pili. Na mkirudi nyumbani Desemba, msishukie Katesh na kulala hotelini. Njooni moja kwa moja huku.

Jumamosi jioni, baada ya kufungia ng'ombe, tunakaa kwangu. Bibi yule aliyebaki nimeomba aletwe na pikipiki. Tutaanza na nyimbo zile tulizoimba wiki ile ya tope, kwa sababu wapo ambao hawajaziimba bado. Leteni na mama zenu. Na yule kijana niliyewaambia habari zake, kama kuna anayejua aliko, ampigie simu, amwambie mama yake hamdai maksai, na babu yake amemwekea nafasi.